Sensa ya mwendo inalia usiku bila mtu, na alasiri haimwoni mtu: tatizo ni joto, waifai au umeme?

#1 Bin Sahare
Habari zenu wakuu. Nina banda la mbao lililoezekwa kwa bati hapa Sahare, Tanga, jirani na wanapoegesha ngalawa, na ndani yake tunahifadhi nyavu na mashine ya boti. Kwa kuwa wezi wa mashine hizo hawalali, nimeunda king'ora kidogo: sensa ya mwendo ya HC-SR501, ile inayohisi joto la mwili, imefungwa juu ya mlango ikitazama ndani, inapeleka ishara kwenye ESP8266, bodi ndogo ya kompyuta yenye waifai, na bodi hiyo inawasha taa kwa njia ya relei (swichi inayoendeshwa na umeme), kisha inanitumia ujumbe kwenye simu kupitia waifai ya nyumbani. Chaja imebaki nyumbani, na umeme wa volti 5 unafika bandani kwa waya mwembamba wa simu ya mezani wenye urefu wa mita 12 hivi.

Matatizo ni mawili na yanapingana. Usiku wa manane taa inawaka na simu inalia ilhali bandani hamna mtu wala paka. Alasiri, nikiingia bandani kwa miguu yangu mwenyewe, sensa haishtuki mpaka nikaribie kuigusa. Nikiongeza usikivu kwa kile kifundo cha rangi ya chungwa, usiku hakulaliki. Nikipunguza, alasiri inakuwa kipofu kabisa. Dai langu ni kwamba sensa hizi za bei rahisi hazikutengenezwa kwa ajili ya pwani. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 Lehemu Baridi
Sensa yako imeshakuwa mwenyeji wa Tanga: alasiri inajipumzisha, usiku inatoka barazani. Kabla ya kuilaumu, tueleze kama programu yako inaipa muda wa kutulia. HC-SR501 ikipata umeme huhitaji dakika moja hivi ili izoee mazingira, na katika dakika hiyo inaweza kutoa ishara za uongo moja au zaidi.

#3 Mwalimu wa Mionzi
Ndugu Bin Sahare, dai lako lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inahusu alasiri.

Ndani ya kile kikopo cha chuma kilicho chini ya lenzi, ile kofia nyeupe ya mbele, mna vipande viwili vya kuhisi joto, vilivyounganishwa ili kimoja kipingane na kingine. Chumba kizima kikipata joto polepole, vyote viwili vinapata sawa na matokeo yanafutana. Mtu akipita, kipande kimoja kinamwona kabla ya kingine, na tofauti hiyo ndiyo ishara. Ni ndogo sana, kwa hiyo chipu ya BISS0001 iliyo nyuma ya bodi huikuza maelfu ya mara kabla ya kuamua. Kumbuka jambo hilo la kukuza, kwa sababu chochote kinachopenya hapo kwa bahati mbaya kitakuzwa vilevile.

Sasa, sensa haioni mwendo kama jicho linavyouona. Inaona tofauti ya mionzi ya joto kati ya mwili na kilicho nyuma ya mwili. Ngozi ya mtu ina nyuzi joto 33 au 34 hivi, na nguo huwa chini kidogo ya hapo. Banda la mbao chini ya bati katika msimu wa kaskazi linafika nyuzi hizo bila taabu wakati wa alasiri. Ukisimama mbele ya ukuta wenye joto lako, wewe na ukuta ni kitu kimoja machoni pa sensa.

Kosa la pili ni mahali ulipoifunga. Sensa iliyo juu ya mlango ikitazama ndani inakuona ukienda mbele moja kwa moja, na huo ndio mwendo inaoutambua kwa udhaifu zaidi. Ihamishie ukuta wa ubavuni ili anayeingia aukate uwanja wake kutoka upande mmoja hadi mwingine.

#4 Mlima Usambara
Naunga mkono bandiko namba 3 kwa ushahidi wa huku kwetu Lushoto. Sensa ya aina hiyohiyo niliyoifunga kwenye kibaraza, mwezi wa Juni na Julai wakati baridi inapouma, inamnasa mtu akiwa bado nje ya geti, mbali kuliko zile mita 7 zinazoandikwa na wauzaji. Kaka yangu aliichukua akaenda nayo Muheza, akanipigia simu akilalamika kwamba nimempa kifaa kibovu. Nijuavyo mimi, joto la hewa likizidi joto la mwili, yaani nyuzi 37, sensa hizi zinakufa kabisa.

#5 Mwalimu wa Mionzi
Ndugu Mlima, hapo turekebishe. Kwanza, kinachohesabiwa ni joto la ngozi na nguo, siyo nyuzi 37 za ndani ya mwili. Pili, sensa haijali nani ana joto zaidi. Ukuta ukiwa na nyuzi 40 na mtu akapita mbele yake, mtu huyo anaonekana kama doa la ubaridi, na sensa itamwona vizuri tu. Upofu unakuja pale viwango viwili vinapokutana. Ndiyo sababu wapo wanaosema sensa zao zinaona saa nane mchana, zinapotea jua likiteremka, kisha zinarudi usiku.

#6 Dada Waya
Nimesoma kwa makini, na ninashangaa kwamba kila mtu ameruka maneno "waya mwembamba wa simu ya mezani wenye urefu wa mita 12". Tupige hesabu. Waya wa simu wenye unene wa nusu milimita una ukinzani wa omu 0.09 hivi kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 24, yaani zaidi kidogo ya omu 2. ESP8266 inaporusha ujumbe wa waifai, mvuto wake wa umeme hupanda ghafla hadi miliampea 300 hivi. Koili ya relei ya volti 5 inakula nyingine 70 au 80. Zidisha, na utaona kwamba volti 0.8 zinapotelea njiani. Bandani zinabaki 4.2, ilhali HC-SR501 inahitaji angalau 4.5, kwa sababu mlangoni mwake mna dayodi ya kinga (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) na baada yake mna kidhibiti cha kushusha hadi volti 3.3.

Maana yake ni hii: kila bodi inapotuma ujumbe, sensa inakosa pumzi, inatetereka, kisha inaamka na kutoa ishara nyingine ya uongo, ambayo nayo inatuma ujumbe mwingine. Umejenga mashine inayojisumbua yenyewe, na kaskazi haihusiki.

#7 Kaole Umeme
Salaam kutoka Bagamoyo. Heshima kwako Dada Waya, lakini hapa umeipita waifai yenyewe. Mimi nilikuwa na sensa na ESP8266 ndani ya kisanduku kimoja, zimepakana kama vitabu kwenye begi la mwanafunzi, na umeme wangu ulikuwa wa betri nzuri kwa waya wa kiganja kimoja. Hata hivyo sensa ililia mfululizo. Nilipozima redio ya bodi kwa amri ya programu, ikanyamaza. Nilipoitoa sensa kwenye kisanduku na kuiweka mbali kwa urefu wa mkono, ikanyamaza tena huku waifai ikiwa hewani. Mawimbi ya redio yanaingia kwenye nyaya na kwenye saketi ya kukuza aliyoieleza Mwalimu, na chipu inayachukulia kuwa ni mtu.

Tiba ya kwanza ni umbali. Ya pili ni kapasita (kipande kinachohifadhi chaji kidogo ya umeme) ya keramiki ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na pini za sensa. Ya tatu ni kufunika mgongo wa bodi ya sensa kwa foili iliyounganishwa na hasi, kukiwa na karatasi katikati ili foili isiguse lehemu.

#8 Nahodha wa Pangani
Mmekwenda mbali mno na mahesabu. Mimi king'ora changu kiko chini ya mti wa mkungu, na mhalifu alikuwa popo. Msimu wa kungu popo wanashuka usiku kucha, na popo ana damu ya moto, ni mkubwa wa kutosha, na anapita mbele ya lenzi kwa kasi. Angalia kama banda lako lina tundu juu ya ukuta. Usisahau pia mijusi kafiri wanaofuata wadudu kwenye taa.

#9 Lehemu Baridi
Popo nakubali. Mjusi nakataa. Mwili wa mjusi unafuata joto la mahali alipo, kwa hiyo mjusi aliyebandika ukutani ana joto la ukuta, na kwa hoja ya Mwalimu huyo haonekani.

#10 Nahodha wa Pangani
Huyo wa ukutani haonekani, sawa. Mimi ninamzungumzia yule aliyetoka kuota joto pembeni ya balbu akaenda kutembea juu ya lenzi yenyewe. Akiwa juu ya lenzi anaziba sehemu nzima ya uwanja wa sensa, hata awe wa baridi namna gani. Fungua kisanduku chochote cha taa ya nje huku pwani, uhesabu mayai ya mijusi utakayoyakuta.

#11 Bin Sahare
Asanteni. Nijibu maswali kwa pamoja. Programu inaanza kusikiliza papo hapo inapowaka, haina muda wa kusubiri. Sensa na bodi zimo katika kisanduku kimoja cha plastiki. Taa iko juu ya paa kwa nje, haiko mbele ya sensa. Tundu la kupitisha hewa lipo, limezibwa kwa wavu wa chuma, popo hapiti. Kijisehemu cha sensa cha kuchagua namna ya kutoa ishara, H au L, kipo kwenye H, ambayo nadhani ndiyo ya kutoa ishara moja tu hata mtu akiendelea kutembea. Muda wa kuwaka nimeuweka kwa kukisia.

#12 Kapasita Kubwa
Marekebisho mafupi. H ndiyo inayojirudia: kila mwendo mpya unaanzisha upya hesabu ya muda, hivyo taa haizimiki mtu akiendelea kuwapo. L ndiyo inayotoa ishara moja, ikaisha, ikanyamaza sekunde 2 au 3, ndipo ikasikiliza tena. Kuhusu muda, karatasi za wauzaji zinatofautiana. Nyingine zinasema mwisho ni sekunde 200 na nyingine dakika 5. Ipime kwa saa. Watu wengi wanaosema taa yao "inajiwasha" huwa wameacha kifundo cha muda karibu na mwisho, na taa ya mtu aliyepita zamani bado haijazimika.

Nakuomba pia ufungue ile kofia nyeupe ya lenzi, inatoka kwa kuibana pembeni, usome majina ya pini chini yake. Mpangilio wa chanya na hasi haufanani kwa watengenezaji wote.

#13 Mwalimu wa Mionzi
Badala ya kubishana, tutenganishe mambo. Zima vyote, kisha ufanye hivi kwa mpangilio. Kwanza chomoa waya wa ishara kutoka kwenye sensa, na ile pini ya bodi uiunganishe na hasi kwa rezista (kipande cha kukinza umeme) ya kiloomu 10, isije ikajitungia ishara. Ujumbe ukiendelea kuja, sensa haina hatia, na tatizo ni programu au bodi inayojiwasha upya. Ukikoma, rudisha waya, kisha uzibe lenzi kabisa. Sensa iliyozibwa macho ikilia, hakuna popo wala mjusi wa kusingiziwa. Ni umeme au redio.

#14 Dada Waya
Niongeze moja hapo. ESP8266 ina uwezo wa kueleza kwa nini iliwaka upya. Iambie programu itume sababu hiyo kila inapoanza. Ukiona bodi inaanza upya usiku wa manane, tutajua nani alisema kweli. Mita ya kawaida haitakuonyesha volti zinazoshuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo usije ukaniambia umepima ukakuta 5 kamili.

#15 Bin Sahare
Nimefanya. Waya wa ishara ulipochomolewa na rezista kuwekwa, usiku ulikuwa kimya, na bodi haikujiwasha upya hata mara moja. Nikarudisha waya, nikaiziba lenzi kwa mfuko wa mkate niliokunja mara mbili na kuufunga kwa mpira. Ililia kama kawaida. Kwa hiyo ni umeme au redio, na wanyama wote wa Nahodha wameachiwa huru.

#16 Mpiga Randa
Samahani, usiwaachie bado. Mfuko wa mkate ni plastiki nyembamba, na plastiki nyembamba ya namna hiyo inapitisha mionzi ya joto. Lenzi yenyewe ya HC-SR501 imetengenezwa kwa plastiki ya polithini, kwa sababu hiyohiyo ya kupitisha mionzi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14, ambako mwili wa binadamu unang'aa zaidi. Hukuiziba macho; uliivisha miwani.

Kinyume chake kipo kwenye kioo. Jirani yangu aliiweka sensa ndani ya dirisha ili imwangalie anayepita nje, akashangaa haioni kitu ilhali yeye anaona hadi barabarani. Kioo cha dirisha kinapitisha nuru na kuzuia mionzi hiyo ya joto. Ukitaka kuamini, simama mbele ya sensa ukiwa umeshika kipande cha kioo usoni pake, kisha ukibadilishe na mfuko mweusi wa plastiki usioona ng'ambo yake. Utashangaa ni kipi kinakuficha.

#17 Lehemu Baridi
Mpiga Randa, mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Unataka mwenzetu akamatwe kwa ajili ya jaribio?

#18 Mpiga Randa
Iliyokatazwa ni ya kubebea. Mfuko uliofungia mkate ndio huo ameutumia mwenyewe na hakuna aliyemgusa.

#19 Bin Sahare
Sawa. Nimerudia kwa foili ya jikoni, nimeizungushia lenzi na mgongo wa bodi, nimeiunganisha na hasi kama alivyoelekeza Kaole. Usiku umepita kimya. Sasa nani ameshinda?

#20 Kaole Umeme
Nimeshinda. Foili imezuia redio.

#21 Nahodha wa Pangani
Foili imezuia joto pia. Mbele ya foili mjusi haonekani, na nyavu zako hazionekani. Hilo la nyavu nilitaka kulisema tangu mwanzo: zimetundikwa wapi? Usiku upepo wa nchi kavu unavuma kuelekea baharini, unapenya kwenye lile tundu lako lenye wavu wa chuma, na nyavu zinayumba. Mbao zimebaki na joto la mchana, nyavu zimepoa. Kitu cha baridi kinachoyumba mbele ya kitu cha moto, kwa maelezo ya Mwalimu mwenyewe, ni mtu.

#22 Mwalimu wa Mionzi
Hoja ya Nahodha ni nzito kuliko ile ya mjusi, na ninaikubali kwa sharti moja. Chipu imetengenezwa kuchuja mabadiliko ya polepole sana na ya haraka sana, ikibakiza yale ya kasi ya mwili unaotembea. Kupoa kwa bati peke yake ni kwa polepole mno, hakuwezi kuileta ishara. Kuyumba kwa wavu kunaweza.

Jaribio la foili halitenganishi chochote, kwa kuwa linazuia vyote viwili. Tumia kikopo cha karatasi ngumu au boksi dogo la viatu. Karatasi hiyo inazuia mionzi ya joto na inaacha redio ipite. Foili uitoe, sensa uifunike kwa boksi, na waifai iwe hewani.

#23 Bibi Mita
Wanangu, niruhusuni nami. Nimetengeneza redio na feni hapa Ngamiani tangu wengi wenu hamjazaliwa, na vifaa vinavyokuja kutoka nyumba za ufukweni vinafanana. Miguu yake inaota unga wa kijani, na pale ambapo dawa ya lehemu haikusafishwa, pananata. Unyevu wa usiku ukikaa juu ya chumvi na dawa hiyo, umeme kidogo unavuja kati ya pini na pini. Kwa feni si kitu. Kwa saketi inayokuza ishara maelfu ya mara, uvujaji huo ni kelele tupu. Tazama saa zake: usiku wa manane hadi alfajiri, ndipo umande unaposhuka. Mchana jua likikausha, kelele zinakwisha.

Toa bodi, isugue kwa mswaki laini na spiriti, iache ikauke kabisa, kisha pande zote za lehemu uzipake rangi ya kucha isiyo na rangi. Usipake juu ya kile kikopo chenye kidirisha. Kisanduku kitobolewe tundu dogo kwa chini, maji yakiingia yatoke.

#24 Lehemu Baridi
Shikamoo Bibi. Rangi ya kucha ya nani atakayokubali kuitoa?

#25 Bibi Mita
Marahaba. Ukiolewa na fundi unazoea.

#26 Mgeni wa Pongwe
Habari wakuu. Kwa nini msimshauri aachane na joto, atumie RCWL-0516 inayotumia mawimbi ya redio? Hiyo haijali nyuzi joto, hivyo alasiri itamwona mtu vizuri.

#27 Kaole Umeme
Ni kweli haijali joto. Inarusha mawimbi ya gigahezi 3 na ushee na kusikiliza mwangwi uliobadilika kwa sababu ya mwendo, ile kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Lakini inaona ng'ambo ya mbao. Ukuta wa banda la mbao kwake ni kama haupo, na kila mvuvi anayepita nje kwenda kwenye ngalawa yake ataiamsha. Inaona pia nyuma yake, siyo mbele peke yake. Usifunge mbili karibu, zinasumbuana.

#28 Kapasita Kubwa
Vifaa vingi vya ulinzi vya kiwandani vinaunganisha zote mbili, na king'ora hakilii mpaka sensa ya joto na sensa ya mawimbi zikubaliane. Bodi ya ESP8266 ina pini za kutosha, ila aepuke D3, D4 na D8, kwa kuwa hali ya pini hizo wakati wa kuwaka ndiyo inayoamua kama bodi itaanza vizuri.

#29 Mwalimu wa Mionzi
Njia ya bandiko namba 28 itapunguza kelele za usiku, lakini itazidisha upofu wa alasiri, kwa sababu sensa ya joto isipoona, makubaliano hayapo. Mwizi atakuja saa kumi jioni.

#30 Mlima Usambara
Kwa wanaopenda historia: zile pete za kwenye lenzi zinatokana na kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel, aliyezibuni kwa ajili ya minara ya taa ya baharini. Ya kwanza iliwekwa kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Kwa hiyo banda la nyavu limepata kifaa kinachomstahili mvuvi.

#31 Nahodha wa Pangani
Hiyo ni ya kumwongoza nahodha, siyo ya kumwamsha usiku. Turudi bandani.

#32 Bin Sahare
Nimerudi. Boksi la karatasi ngumu nimelitumia. Kelele zimepungua sana lakini hazikwisha. Bado kuna usiku ambao ujumbe mmoja au miwili inafika. Niseme pia kwamba siku nilipoweka boksi nilibadilisha waya wa simu nikaweka waya mnene wa kufungia taa za nyumba, nikaongeza kapasita ya mikrofaradi 470 upande wa banda, na programu sasa inasubiri dakika moja kabla ya kusikiliza. Sensa nimeihamishia ubavuni. Alasiri inaniona ninapokatiza, ingawa nikitambaa karibu na ukuta wa magharibi, ambao unapigwa na jua, bado hainioni.

#33 Dada Waya
Kelele zimepungua siku uliyobadilisha waya. Naomba hilo liandikwe.

#34 Kaole Umeme
Zimepungua, hazikwisha, na kilichobaki ni redio, kwa kuwa sensa na bodi bado zimo katika kisanduku kimoja. Au sivyo, Bin Sahare?

#35 Bin Sahare
Bado zimo pamoja.

#36 Mwalimu wa Mionzi
Ndugu yangu, umebadilisha mambo manne kwa mkupuo mmoja, na sasa kila mtu hapa ana haki ya kudai ushindi. Rudisha waya wa simu peke yake, mengine yabaki, tuone.

#37 Dada Waya
Asiurudishe. Mtu ana mashine ya boti ya kulinda, siyo maabara. Atenganishe sensa na bodi kwa kebo ya mita moja iliyo na ganda la chuma, ganda liungwe na hasi upande wa bodi tu. Kama Kaole ana haki, ujumbe utakoma.

#38 Bibi Mita
Na ile bodi imesafishwa?

#39 Bin Sahare
Bado, Bibi. Spiriti nimenunua. Nyavu nazo nimeziangalia baada ya maneno ya Nahodha: zimetundikwa kwenye boriti ya kati, na kwa mahali sensa ilipohamia sasa, fungu moja linaning'inia mbele yake kabisa.

#40 Nahodha wa Pangani
Nilisema.

#41 Kaole Umeme
Lakini wakati boksi limefunika lenzi nyavu zilikuwa hazionekani, na ujumbe ulifika. Nahodha atueleze hapo.

#42 Nahodha wa Pangani
Boksi la viatu lina mfuniko, na mfuniko una nafasi pembeni. Bin Sahare, uliziba kwa gundi au uliliweka tu?

#43 Bin Sahare
Niliufunga mfuniko kwa uzi wa nyavu.

#44 Lehemu Baridi
Basi tuanze upya. Leo usiku toa nyavu mbele ya sensa, kesho usafishe bodi, keshokutwa utenganishe kebo, na kila asubuhi utuandikie hapa saa ya kila ujumbe na kama umande ulikuwa mwingi. Mimi nitaandaa jedwali, ila Dada Waya na Kaole wasiruhusiwe kulijaza.